Lijenge mwenyewe jedwali la elementi: kadi 43, meza pana na njia ya Mendeleev

Jedwali la elementi linalobandikwa ukutani maabara lina kasoro moja kubwa kwa anayejifunza: limekamilika. Miraba yote 118 imejaa, rangi zimepangwa, na mwanafunzi hana la kufanya ila kukariri elementi ishirini za kwanza na kuomba mtihani usivuke hapo. Mwaka 1869 Dmitri Mendeleev, profesa wa kemia mjini St Petersburg, alikuwa na elementi 63 tu, kadhaa zikiwa na uzani uliokosewa, na hakuna aliyejua bado kwamba ndani ya atomi kuna vitu vingine. Hata hivyo alilipanga jedwali, tena akataja tabia za elementi ambazo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuziona.

Mwongozo huu unakurudisha kwenye meza yake. Utakata kadi, utazipanga, utakwama palepale walipokwama wenzako wa karne ya 19, na kabla hujamaliza utakuwa umekokotoa uzani wa elementi ambayo kadi yake huna. Unaweza kuifanya kazi hii peke yako, lakini inanoga zaidi mkiwa watatu au wanne, kwa sababu sehemu yake bora ni mabishano. Mwalimu wa kidato cha pili au cha tatu anaweza kuigawa katika vipindi viwili.

Kuna hadithi maarufu kwamba Mendeleev aliliota jedwali usingizini, na nyingine kwamba alizipanga elementi kama mtu achezaye karata peke yake. Usizitegemee sana. Ushahidi wa maana uliobaki ni karatasi zake zenyewe, zilizojaa namba zilizokatwa na kuandikwa upya, mojawapo ikiwa nyuma ya barua ya kumwalika kwenda kukagua utengenezaji wa jibini. Alifika kwenye jibu kwa kufuta na kurudia. Nawe utafuta.

Hatua ya 1: Kata kadi

Chukua karatasi ya manila na ukate vipande vinavyolingana, upana wa vidole vinne hivi. Juu andika jina, katikati uzani wa atomi kwa tarakimu kubwa, chini kampaundi za elementi hiyo na oksijeni au hidrojeni. Tumia penseli kwanza.

Bahasha ya kwanza ina kadi 29. Nimezitaja kwa alfabeti makusudi, nisikuharibie mchezo, na uzani nimeutoa kwa vipimo vya leo vilivyokadiriwa:

Alumini 27 (Al₂O₃), antimoni 122 (Sb₂O₅, SbH₃), aseniki 75 (As₂O₅, AsH₃), bariamu 137 (BaO), bati 119 (SnO₂, SnH₄), beriliamu 9 (BeO), boroni 11 (B₂O₃), bromini 80 (HBr), florini 19 (HF), fosforasi 31 (P₂O₅, PH₃), hidrojeni 1 (H₂O), indiamu 115 (In₂O₃), iodini 127 (HI), kaboni 12 (CO₂, CH₄), kalsiamu 40 (CaO), klorini 35.5 (HCl), lithiamu 7 (Li₂O), magnesiamu 24 (MgO), naitrojeni 14 (N₂O₅, NH₃), oksijeni 16 (H₂O), potasiamu 39 (K₂O), rubidiamu 85 (Rb₂O), salfa 32 (SO₃, H₂S), seleniamu 79 (SeO₃, H₂Se), sesiamu 133 (Cs₂O), silikoni 28 (SiO₂, SiH₄), sodiamu 23 (Na₂O), strontiamu 88 (SrO), teluriamu 128 (TeO₃, H₂Te).

Bahasha ya pili ina metali 9, uzani tu unatosha: chuma 56, kobalti 59, kromiamu 52, manganizi 55, nikeli 59, shaba 63.5, titaniamu 48, vanadiamu 51, zinki 65.

Bahasha ya tatu ina gesi 5: agoni 40, heliamu 4, kriptoni 84, neoni 20, zenoni 131. Hii ifunge kabisa. Mendeleev hakuwa nayo.

Kwa nini kampaundi ziandikwe? Kwa sababu ndizo zinazosema atomi ya elementi fulani hushikana na nyingine ngapi. Lithiamu mbili kwa oksijeni moja. Magnesiamu moja kwa moja. Kaboni moja kwa hidrojeni nne. Uzani unakupa mpangilio, kampaundi zinakupa undugu. Anayetumia kimoja tu anapotea, na utamwona mmoja aliyepotea hivyo hapo mbele.

Hatua ya 2: Tafuta ndugu watatu watatu

Usianze na kupanga mstari mrefu. Anza na jambo dogo aliloligundua Mjerumani Johann Döbereiner na kulitangaza mwaka 1829. Toa kadi za lithiamu, sodiamu na potasiamu. Zote ni metali laini, zote zinachachamaa zikitiwa majini, na oksidi zao (kampaundi zao na oksijeni) zina sura moja. Sasa jumlisha uzani wa wa kwanza na wa tatu, 7 na 39, ugawe kwa mbili. Unapata 23, ambao ndio uzani wa sodiamu.

Jaribu wengine. Kalsiamu na bariamu: 40 na 137, nusu yake 88.5, na strontiamu ni 88. Klorini na iodini zinatoa 81 na kidogo, bromini ni 80. Salfa na teluriamu zinatoa 80 kamili, seleniamu ni 79.

Waambie wenzako watafute wengine kwenye bahasha ya kwanza. Wapo: fosforasi, aseniki na antimoni wanakaribia, ingawa si kwa usafi uleule. Döbereiner aliishia hapo kwa sababu uzani wa atomi wa wakati wake haukuwa wa kuaminika. Wakemia walibishana hata kama maji yaandikwe HO au H₂O. Mambo yalinyooka baada ya mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, Septemba 1860, pale Mwitalia Stanislao Cannizzaro alipoonyesha namna ya kupata uzani mmoja unaokubalika. Mendeleev, kijana wa miaka 26, alikuwamo ukumbini. Lothar Meyer pia alikuwamo, naye baadaye alitengeneza jedwali lake mwenyewe nchini Ujerumani.

Hatua ya 3: Mstari mmoja, kisha ukate

Weka hidrojeni kando, juu kushoto. Kadi nyingine 28 zipange kwa uzani kutoka lithiamu hadi bariamu, mstari mmoja mrefu. Utahitaji sakafu.

Sasa tembea kutoka kushoto ukisoma oksidi kwa sauti: Li₂O, BeO, B₂O₃, CO₂, N₂O₅. Halafu oksijeni na florini, ambazo unazitambua kwa hidrojeni: H₂O, HF. Kadi inayofuata ni sodiamu, Na₂O. Umerudi mwanzo. Kata mstari hapo, sodiamu uiweke chini ya lithiamu, uendelee: magnesiamu chini ya beriliamu, alumini chini ya boroni, hadi klorini chini ya florini. Saba juu, saba chini, na kila safu, kutoka juu kwenda chini, inasema jambo moja.

Hapa ndipo watu hushangilia mapema. Mwingereza John Newlands alishangilia kati ya 1864 na 1865, akasema tabia hurudi kila elementi ya nane kama sauti za muziki. Endelea kama yeye uone: potasiamu chini ya sodiamu, sawa; kalsiamu chini ya magnesiamu, sawa; aseniki chini ya alumini. Simama.

Soma kadi mbili hizo. Alumini inatoa Al₂O₃. Aseniki inatoa As₂O₅, tena ina AsH₃, sawasawa na PH₃ ya fosforasi. Hawa si ndugu. Ukiendelea bila kujali, seleniamu inakaa chini ya silikoni, bromini chini ya fosforasi, na rubidiamu, metali inayoripuka ikigusa maji, inakaa chini ya salfa. Waache wanafunzi wapange hivyo hivyo kwa dakika kadhaa. Usiwasaidie. Atatokea mmoja atakayesema kwamba safu zimeharibika zote kuanzia hapo, na huyo ndiye aliyeelewa.

Newlands hakuacha nafasi. Ili kila mraba ujae, alizibana kobalti na nikeli katika mraba mmoja na kuweka chuma katika familia ya oksijeni na salfa. Alipowasilisha kazi yake kwenye Chama cha Kemia mjini London mwaka 1866, mjumbe mmoja alimuuliza kwa kejeli kama alishajaribu kuzipanga kwa alfabeti. Ilikuwa dhihaka mbaya, kwa kuwa wazo lake la msingi lilikuwa sahihi. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilimpa nishani ya Davy mwaka 1887, miaka mitano baada ya kuwapa Mendeleev na Meyer.

Hatua ya 4: Acha pengo

Sukuma aseniki hatua mbili kulia, ikae chini ya fosforasi. Seleniamu sasa iko chini ya salfa, bromini chini ya klorini, na rubidiamu inaanza mstari mpya chini ya potasiamu. Kila kitu kimetulia kwa gharama ya mapengo mawili, moja chini ya alumini na jingine chini ya silikoni. Kata kadi mbili tupu, andika alama ya kuuliza, uziweke humo.

Maliza mstari wa nne: rubidiamu, strontiamu, indiamu, bati, antimoni. Kadi inayofuata kwa uzani ni iodini, 127, halafu teluriamu, 128. Lakini HI ni ya familia ya HF na HCl, na H₂Te ni ya familia ya H₂S. Zibadilishe nafasi, teluriamu itangulie. Ndiyo, umevunja sheria ya uzani. Mendeleev aliivunja vilevile, akisisitiza kwamba uzani wa teluriamu umepimwa vibaya. Kwenye hilo alikosea, uzani ulikuwa sahihi. Andika alama ya kuuliza ndogo kwenye kadi hizo mbili, tutarudi.

Kuhusu vipimo hakukosea kila mara. Beriliamu wengi waliipa uzani wa 14 kwa kudhani oksidi yake ni kama ya alumini. Jaribu kuiweka 14: itagombea nafasi na naitrojeni. Ukiikubali BeO, uzani unashuka hadi 9 na inaingia kati ya lithiamu na boroni bila kusukuma mtu. Urani nayo aliipandisha kutoka 120 hadi 240, jambo lililohitaji moyo wa jiwe, na vipimo vya baadaye vilimuunga mkono.

Fungua bahasha ya pili. Metali zote tisa zina uzani kati ya kalsiamu (40) na aseniki (75), kwa hiyo panua mstari wa tatu baada ya kalsiamu, uzipange humo: titaniamu, vanadiamu, kromiamu, manganizi, chuma, kobalti, nikeli, shaba, zinki, kisha mapengo yako mawili. Kutoka kalsiamu hadi titaniamu uzani unaruka kwa 8, kubwa kuliko miruko mingine ya hapo. Weka kadi tupu ya tatu. Kobalti na nikeli zinalingana kwa 59; anza na kobalti, sababu inakuja.

Hatua ya 5: Tabiri

Hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa darasani. Chukua pengo la chini ya silikoni. Juu yake kuna silikoni 28, chini yake bati 119. Kushoto, hatua mbili, kuna zinki 65. Kulia, hatua mbili, kuna seleniamu 79. Jumlisha: 291. Gawa kwa nne: 72.75. Andika kwenye kadi. Oksidi yake lazima iwe na sura ya SiO₂ na SnO₂, basi andika XO₂, na kampaundi yake na klorini XCl₄.

Fanya vivyo hivyo kwa pengo la chini ya alumini: alumini 27, indiamu 115, shaba 63.5, aseniki 75. Wastani ni 70 na kidogo, oksidi X₂O₃.

Mwaka 1871 Mendeleev alichapisha utabiri wake wa elementi hizi mbili, akizipa uzani wa 72 na 68, pamoja na ile ya tatu, iliyo kati ya kalsiamu na titaniamu, akaipa 44. Hakuishia kwenye uzani. Ya chini ya alumini aliipa densiti ya takriban 5.9 na kusema itayeyuka kwa joto dogo.

Miaka minne tu baadaye, 1875, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aliona mistari migeni ya mwanga katika madini ya zinki kutoka milima ya Pyrenees. Akaiita galiamu. Alipima densiti akapata 4.7. Kutoka St Petersburg ikaja hoja kwamba hiyo haiwezekani, inapaswa kuwa 5.9, huenda sampuli si safi. Fikiria: mtu ambaye hajawahi kuishika metali hiyo anamsahihisha aliye nayo mkononi! Lecoq de Boisbaudran aliisafisha, akapima tena, akapata 5.9. Uzani wake tunaujua leo kuwa 69.7, na inayeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi. Mchana wa Februari Dar es Salaam isingebaki ngumu mezani.

Skandiamu, ile ya kati ya kalsiamu na titaniamu, ilipatikana na Lars Fredrik Nilson wa Sweden mwaka 1879. Ya chini ya silikoni ilichelewa hadi 1886. Clemens Winkler wa Freiberg, Ujerumani, alikuwa akichambua madini mapya ya fedha, na kila alipojumlisha sehemu zake asilimia 7 hivi zilikosekana. Alizifukuzia mpaka akaipata elementi yenyewe, germaniamu. Uzani wake ni 72.6. Linganisha na kadi yako. Kloridi yake, ambayo Mendeleev alisema itachemka chini kidogo ya nyuzi 100, Winkler aliipata ikichemka kwenye 86. Sasa futa alama za kuuliza za kadi tupu tatu, andika majina kwa wino.

Hatua ya 6: Fungua bahasha iliyofungwa

Mwaka 1894 Lord Rayleigh na William Ramsay walitangaza agoni, gesi isiyoshikana na chochote. Jaribu kuiweka mezani. Uzani ni 40, sawa na kalsiamu, oksidi haina, hidrojeni haitaki. Mendeleev mwenyewe aliitilia shaka, akafikiri pengine ni naitrojeni iliyoungana atomi tatu. Mwaka uliofuata Ramsay aliipata heliamu duniani, baada ya kuonekana kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868. (Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba gesi hiyo imegunduliwa kwa wingi Rukwa, Tanzania.) Neoni, kriptoni na zenoni zikafuata mwaka 1898.

Ufumbuzi ni kufungua safu mpya nzima upande wa kulia: heliamu kwenye mstari wa hidrojeni, neoni baada ya florini, agoni baada ya klorini, kriptoni baada ya bromini, zenoni baada ya iodini. Hakuna kadi hata moja iliyohama. Ila agoni, 40, imetangulia potasiamu, 39. Alama nyingine ya kuuliza.

Hatua ya 7: Hesabu badala ya kupima

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Anza na hidrojeni: 1. Heliamu 2, lithiamu 3, uendelee mstari kwa mstari bila kuangalia uzani. Kalsiamu inapata 20, skandiamu 21, zinki 30, galiamu 31, germaniamu 32, kriptoni 36, strontiamu 38. Hapo ruka namba kumi, 39 hadi 48, kwa sababu metali za katikati za mstari huo, fedha ikiwamo, hatukuzikatia kadi. Indiamu ni 49. Ukifika iodini uwe na 53. Ukiwa na namba nyingine, kuna kadi uliyoiruka.

Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1913 kwamba namba hizi si za kuhesabia tu. Alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaona kipeuo cha pili cha marudio yake (mitetemo kwa sekunde) kinapanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi nyingine. Kilichokuwa kikihesabiwa ni chaji ya kiini cha atomi, tunayoijua leo kama idadi ya protoni. Teluriamu ni 52, iodini 53. Agoni 18, potasiamu 19. Kobalti 27, nikeli 28, ingawa ukipima kwa makini nikeli ni nyepesi kidogo. Futa alama zako zote za kuuliza. Moseley aliuawa vitani Gallipoli Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Faida ya namba ni kwamba sasa mapengo yanahesabika. Kati ya strontiamu na indiamu lazima ziwepo kumi, si tisa wala kumi na moja. Mojawapo, ya 43, ilikataa kuonekana hadi 1937, ilipotambuliwa Palermo na Carlo Perrier na Emilio Segrè katika bamba la molibdenamu lililopigwa chembe kwenye mashine ya Berkeley, Marekani. Ndiyo teknetiamu.

Ukitaka kuendelea

Kata zile kumi za mstari wa nne, zitaingia bila ubishi. Taabu inaanza baada ya bariamu, 56. Kuanzia lanthanamu (57) hadi lutetiamu (71) kuna kadi 15, na karibu zote zinatoa oksidi ya X₂O₃ na kugombea safu moja. Njia ya uzani na oksidi inagota hapo, na hata Mendeleev hakupata pa kuziweka. Zipange katika ukanda wa pembeni, uuweke chini ya jedwali, na uchore mshale kwenda mahali pake. Ndiyo asili ya ile mistari ya chini kwenye mabango. Hafniamu, 72, irudi juu kwenye safu ya titaniamu. Na ukikuta orodha ya zamani yenye elementi iitwayo didimiamu, usiikatie kadi moja: Carl Auer von Welsbach aliigawa mwaka 1885 ikawa mbili, praseodimiamu na neodimiamu, namba 59 na 60.